Kupanga fleti ya kifahari Mji Mkongwe, Zanzibar: Angalia mwenye nyumba kabla ya samani

Mfanyabiashara anayefuatilia mzigo Zanzibar kwa mwezi mzima huona haraka kwamba hoteli inamla faida. Ndiyo maana wengi kutoka Mombasa, Dar es Salaam na hata Muscat huulizia fleti zenye samani ndani ya Mji Mkongwe, ambako kwa miguu unafika bandari ya Malindi na soko la Darajani.

Shangani, upande wa baharini, ndiko ghali zaidi. Malindi na Kiponda ni karibu na bandari, na Mkunazini ni karibu na soko. Bei hupanda Juni hadi Oktoba na tena Desemba hadi Februari, watalii wanapojaa. Ukiweza, kaangalie nyumba wakati wa masika: kodi inazungumzika, na dari linalovuja halifichiki.

Jambo linalowagharimu wageni ni kujua nyumba ni ya nani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali. Nyingine ni za wakfu, na husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyingine ni za urithi wa ndugu kadhaa, baadhi yao wakiwa Oman au Uingereza. Kwa hiyo anayekuonyesha kitanda cha Kihindi na jiko jipya anaweza kuwa mpangaji tu, hana ruhusa ya kupangisha tena. Ukimlipa kodi ya miezi sita, mwenye haki akitokea utatolewa wewe na mabegi yako, na fedha utazidai kwa mtu asiyepokea simu.

Kinga yake si ngumu. Nenda kwa sheha wa shehia hiyo kabla ya kulipa. Mgeni anayehamia hutakiwa kujulikana kwake, na yeye anajua nyumba zake. Omba kuona hati ya umiliki au mkataba wa Serikali au wakfu. Kama ni nyumba ya urithi, taka idhini ya warithi kwa maandishi. Dalali apate ada yake baada ya mkataba kusainiwa, si siku ya kuangalia. Ukitajiwa bei kwa dola, kumbuka kanuni za Tanzania za 2025 zinazokataza kutangaza bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Sasa nyumba yenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba. Chokaa hupumua, ukuta uliopigwa plasta ya saruji hufungia unyevu ndani, na rangi mpya ya kifahari hubanduka baada ya muda. Gonga boriti, tazama nyufa, uliza tangi la maji limewekwa juu ya nini. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo na kuua watu, na hilo ndilo jengo maarufu kuliko yote pale.

Umeme wa Unguja unatoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari. Ulipokatika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani takriban miezi mitatu. Kwa hiyo uliza kama kuna jenereta, nani ananunua umeme wa mita, na mafuta ni juu ya nani. Usifunge kiyoyozi mwenyewe upande wa barabarani: mji uko katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na mabadiliko ya nje yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Kwa wasafirishaji: gari haliingii vichochoroni. Mzigo unashushwa barabara kubwa, kisha hamali na mkokoteni, halafu ngazi zenye mwinuko mkali. Patana na hamali bei ya mpaka mlangoni, ghorofa ya ngapi ikitajwa. Fleti si ghala. Sampuli za vitambaa sawa, magunia ya karafuu hapana, kwani sakafu hizo hazikujengwa kubeba tani.

Andikeni orodha ya samani, kila kitu na hali yake, mpige picha na msaini wote wawili. Dhamana nyingi hupotelea kwenye kiti kilichovunjika kabla hujafika.