Somo la Utumbo Kutoka Mulago

Ndugu msomaji, chakula unachofuturu kina safari ndefu. Kikitoka tumboni huingia utumbo mwembamba, kama mita 6 hivi, na humo mwili huchukua nguvu yake. Mabaki huteremka utumbo mpana, mita moja na nusu, ambao hunyonya maji na kutengeneza choo.

Sasa sikiza historia. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, kisha akahamia Uganda. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda 1946 na kufanya kazi Mulago, Kampala. Waliona kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyosumbua Uingereza, ilikuwa adimu huku kwetu. Kwa nini?

Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita mwilini kwa takriban saa 36. Kwa wanamaji wa Uingereza, zaidi ya saa 80. Siri, walisema, ni nyuzinyuzi za maharagwe, mboga na nafaka isiyokobolewa. Utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga, hivyo hufika utumbo mpana, zikaongeza choo na kukiharakisha.

Haya, tujitazame. Kuanzia River Road mpaka Kawangware ni chipsi, mandazi na mkate mweupe. Githeri eti ni chakula cha shule! Madaktari walijifunza kwenye sufuria za bibi zetu, na sisi tunazikimbia. Leo magharibi ongeza maharagwe na sukuma wiki, na unywe maji mpaka daku. Utumbo nao una haki yake.