Chuma Kilitii, Maji Yakagoma

Ukiniagiza nikuchoree roboti anayeteleza juu ya wimbi kwa ubao, roboti utampata leo jioni. Wimbi utalisubiri. Ninachora kwa kompyuta picha za vitabu vya watoto hapa Mombasa, na kila kazi ya namna hiyo inapokuja najua mapema muda wangu utaliwa na nini. Kiwiliwili cha chuma, macho ya taa na viungo vya skrubu hukaa sawa upesi, maji hunifanya nikeshe. Historia ya fani yenyewe ndiyo iliyopanga hivyo. Kompyuta zilijua kuchora chuma kinachong'aa miaka mingi kabla hazijajua kuchora bahari, na programu tunazotumia leo bado zina alama za utangulizi huo.

Roboti wa kwanza kuitwa hivyo hawakuwa hata wa chuma. Karel Čapek aliandika tamthilia yake, R.U.R., mwaka 1920, na vibarua wake waliotengenezwa kiwandani walikuwa na nyama na ngozi kama watu. Chuma kilikuja na filamu ya Fritz Lang, Metropolis, ya mwaka 1927. Mchongaji Walter Schulze-Mittendorff alimtengenezea mwigizaji Brigitte Helm vazi gumu lililopakwa rangi likang'aa kama madini, na tangu hapo mtu akitajiwa roboti huwaza kifua kinachometameta na uso usio na unywele.

Mng'ao ule ulikuja kuwa neema kwa wachoraji wa kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kitovu cha fani hii kilikuwa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alikofundisha Ivan Sutherland, yule aliyeonyesha mwaka 1963 kwamba mtu anaweza kuchora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1972 wanafunzi wake walilipima gari la mkewe, Volkswagen, nukta kwa nukta, wakaligeuza kuwa umbo ndani ya kompyuta. Mmoja wa wasomi wa hapo, Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, alikamilisha mwaka 1973 tasnifu ambayo mimi nasema haijawahi kupata sifa inayoistahili nje ya fani. Aliugawa mwanga unaokipiga kitu katika sehemu tatu: mwanga wa jumla unaofika kila upande, mwanga unaosambaa kulingana na uso wa kitu ulivyoielekea taa, na kile kidoa cheupe, kikali, kinachohama kila unapohamisha jicho. Alifariki mwaka 1975, mwaka uleule makala yake ilipochapishwa.

Ukiitumia kanuni ya Phong kwenye uso wa mtu, mtu anatoka kama mwanasesere wa plastiki. Ukiitumia kwenye bega la roboti, bega linatoka bega. Ndiyo maana roboti walitangulia. Katika New York Institute of Technology, huko Long Island, kundi la watafiti lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuandaa The Works, filamu ndefu iliyokusudiwa kutengenezwa yote kwa kompyuta. Haikukamilika, lakini vipande vilivyobaki vinamwonyesha siafu mkubwa wa mitambo akitembea, na ukimtazama leo bado anashawishi. Mwaka 1985, wakati wa fainali ya Super Bowl, kampuni ya Robert Abel ilionyesha tangazo la vyakula vya makopo lililomweka mwanamke wa chuma kitini, akigeuza shingo na mabega kama binadamu. Ili kuupata mwendo huo walimtia mwanamke halisi nukta nyeusi kwenye viungo, wakampiga picha kutoka pembe kadhaa, kisha wakapima kila nukta ilivyohama.

Bahari ilikuwa bado. Maji hayana umbo la kudumu ambalo mwanafunzi anaweza kulipima kwa rula kama lile gari. Yanaakisi mbingu na papo hapo yanaonyesha kilicho chini yake, na kiasi cha kila kimoja hutegemea pembe ya jicho: chungulia chini ukiwa gatini utaona mchanga na samaki, inua macho utazame mbali, utaona rangi ya mbingu tu. Augustin Fresnel, Mfaransa, aliipatia hali hiyo hesabu yake katika miaka ya 1820, na sisi tunaendelea kuitumia. Zaidi ya hapo, wimbi kubwa limebeba mgongoni mawimbi madogo, na hayo madogo yana viwimbi vyao, kila kimoja na mwendo wake na njia yake.

Katsushika Hokusai, mchoraji wa Japani, alikuwa na umri wa miaka 70 hivi alipotoa, mnamo 1831, ile picha ya wimbi la Kanagawa, iliyochapwa kwa mbao na buluu ya Prussia. Naistahi kuliko picha nyingine yoyote ya bahari. Mashua tatu zimelala bondeni, na juu yake wimbi limefika ukingoni mwa kuanguka, limetanua makucha ya povu. Ni hapo hasa, kwenye ile sekunde ya kuanguka, ambapo wataalamu wa kompyuta walikuja kukwama kwa muda mrefu.

Hesabu waliyoanzia ilikuwa ya zamani kuliko picha ya Hokusai. Mwaka 1802 František Josef Gerstner, profesa wa Prague, mji ambao Čapek aliishi na kuandika karne moja baadaye, alieleza mwendo wa wimbi la bahari kuu: wimbi husafiri, maji hayasafiri nalo. Kila chembe ya maji hufanya duara na kurudi karibu pale ilipotoka. Utalithibitisha ukikaa ufuoni Nyali na kukifuatilia kifuu cha nazi kinachoelea kule ambako mawimbi hayajaanza kuvunjika. Kilele kinapokipitia, kifuu huinuka na kusogea mbele. Bonde linapofika, hushuka na kurudi nyuma. Ukizipanga duara nyingi kama hizo bega kwa bega, kila moja ikichelewa kidogo kuliko jirani yake, unapata uso wa maji wenye vilele vilivyochongoka na mabonde mapana, na hiyo ndiyo sura halisi ya bahari yenye upepo.

Mwaka 1981 Nelson Max, aliyefanya kazi katika maabara ya Lawrence Livermore, California, mahali panapojulikana zaidi kwa silaha za nyuklia, alitumia kompyuta kubwa ya Cray-1 kutengeneza filamu fupi iitwayo Carla's Island. Visiwa viwili vitatu, jua linazama, mawimbi yanakuja. Kwa jicho la leo ni picha kavu, lakini mng'ao wa jua juu ya yale maji unakatikakatika sawasawa na unavyokatika Likoni saa kumi na mbili jioni, na nina hakika wengi waliouona mwaka ule walijua kwamba mlango umefunguka.

Kisha ukaja mkutano wa wataalamu wa picha za kompyuta, SIGGRAPH, wa Agosti 1986, mjini Dallas, Texas. Kwangu hiyo ndiyo tarehe kubwa ya historia hii. Makala mbili kuhusu mawimbi zilisomwa hapo. Ya kwanza ilikuwa ya Alain Fournier wa Toronto na William Reeves wa Pixar, kampuni iliyokuwa na miezi michache tu tangu kuundwa. Waliichukua duara ya Gerstner, wakaibonyeza na kuilaza kadiri sakafu ya bahari inavyopanda kuelekea ufuo, hata kilele kikaanza kuinama mbele. Ya pili iliandikwa na Darwyn Peachey wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, katikati ya nyika za ngano za Kanada, mbali kabisa na bahari. Naye aliyafanya mawimbi yapinde kufuata ukanda wa pwani na kurusha matone yanapovunjika. Reeves ndiye aliyekuwa ameshavumbua, miaka michache nyuma, mbinu ya kuchora moto na vumbi kwa maelfu ya chembe, kila chembe na uhai wake. Povu nalo lingechorwa kwa njia hiyo.

Katika mkutano huohuo Pixar walionyesha filamu fupi kadhaa. Moja, Flags and Waves, ilikuwa ya mawimbi ya Reeves na Fournier yakipiga ufuo. Nyingine ilikuwa Luxo Jr. ya John Lasseter: taa mbili za mezani, moja kubwa na moja ndogo, na mpira. Ile taa ndogo haina macho, haina mdomo, ni chuma na balbu. Inainama, inajikusanya, inaruka, na ukumbi mzima ukaelewa kwamba ina furaha. Basi roboti anayefurahia mawimbi alikuwa tayari Dallas mwaka 1986, vipande vyake viwili katika filamu mbili. Furaha ya chuma ilikuwa imekamilika. Wimbi bado.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka 1989 filamu ya James Cameron, The Abyss, ilionyesha nguzo ya maji ya bahari inayotembea na kuiga uso wa mtu, kazi ya sekunde 75 hivi iliyochukua miezi. Nayo hesabu ya bahari kuu ilipata nguvu mpya kutoka kwa wanasayansi wa bahari: Pierson na Moskowitz walikuwa wameandika mwaka 1964, kutokana na vipimo vya meli za Atlantiki ya Kaskazini, jinsi upepo wa kasi fulani unavyogawa nguvu zake kati ya mawimbi marefu na mafupi. Jerry Tessendorf aliigeuza elimu ya namna hiyo kuwa zana ya watengeneza filamu, akijumlisha maelfu ya mawimbi madogo kwa mpigo mmoja. Bahari za Waterworld na Titanic zina mkono wake. Unapoitazama meli ile ikikata maji ya mchana, hujiulizi ni ya kompyuta au la.

Lakini hiyo ni bahari ya meli, na meli haitaki wimbi livunjike. Mteleza mawimbi hataki wimbi lingine ila linalovunjika. Watu wa Hawaii walilijua hilo vizazi na vizazi kabla baharia wa Uingereza, Luteni James King, hajaandika, mwaka 1779, kuhusu wenyeji aliowaona wakirudi pwani juu ya mbao zao. Walicheza wake kwa waume, machifu na watu wa kawaida. Mbao ndefu za olo zilikuwa za wakuu. Maradhi yaliyoletwa na wageni yaliwamaliza watu, na wamisionari waliofika kuanzia 1820 waliuchukia mchezo, hata ukakaribia kufa. Duke Kahanamoku, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea wa mwaka 1912, ndiye aliyeutembeza duniani. Katika kiangazi cha Australia, kati ya 1914 na 1915, aliuonyesha Sydney kwa ubao alioutengeneza hukohuko.

Wimbi wanalolitafuta ni lile lililoingia maji ya kina kifupi. Miguu yake hupunguza mwendo, mwili hupanda juu, na kimo chake kinapokaribia robo tatu ya kina cha maji, kilele huitangulia miguu na kuanguka. Huku kwetu jambo hilo hutokea mbali, kwenye mwamba wa matumbawe, ule mstari mweupe unaouona kutoka Nyali hadi Diani kusi linapovuma. Ndani ya mwamba maji yametulia, ndiyo maana Diani na Paje watu huvutwa na tiara kubwa za upepo badala ya kungoja mawimbi.

Jibu la kuchora wimbi hilo lilikuja mwaka 2007 na Surf's Up, filamu ya Sony kuhusu pengwini wanaoteleza mawimbini, na lilikuwa jibu la wachoraji. Wimbi walilichukulia kama mhusika. Wakaliundia mifupa ya kuendeshea, kama wanavyomuundia pengwini, ili mtu aamue lini mdomo wake uiname na wapi uanguke. Povu na matone vikafuata uamuzi wake.

Kazi kama hiyo isingefika mezani kwangu bila programu ya Blender. Ton Roosendaal wa Uholanzi aliitengeneza katika miaka ya 1990, na kampuni yake ilipofungwa mwaka 2002 watumiaji wa dunia nzima walichanga euro 100,000 katika muda wa wiki saba ili programu iachiliwe bure kwa kila mtu. Mwaka 2011 ikaongezewa zana ya bahari, ileile hesabu ya Tessendorf. Nawashukuru wale waliochanga kila ninapoifungua.

Zana hiyo hunipa bahari ya nyuma, yenye upepo ninaoutaka. Wimbi la mbele nalifinyanga mwenyewe. Nalichora kwa ubavu kwanza, kama mstari mmoja unaopanda na kujikunja, kisha naunyoosha mstari huo kando, nikiukunjua taratibu hadi ulale, kwa sababu wimbi halivunjiki lote kwa pamoja: linaanzia upande mmoja na kukimbilia mwingine. Mdomo nauacha mwembamba ili mwanga uupenye na kuutia kijani. Ubao nauweka kwenye ukuta wa wimbi, mbele ya pale linapovunjika, wala si juu ya kilele, ambako wachoraji wengi huuweka. Roboti hana midomo ya kucheka, kwa hiyo namfanyia kama ile taa ndogo: magoti nayakunja kupita inavyohitajika, kifua nakisukuma mbele, kichwa nakigeuza kuelekea wimbi. Mkono wa nyuma naushusha mpaka vidole vikate ukuta wa maji, na pale vinapokata nachora mfereji mwembamba wa povu unaobaki nyuma yake, tena kwenye kidole cha kati naondoa kile kidoa cheupe cha Phong, maana chuma kilicholowa hung'aa kwa namna nyingine.