Ngao, bamba na deraya: msamiati wa kinga za gari la porini

Ngao (nomino, ngeli ya i-/zi-) kwa asili ni kifaa cha kushikwa mkononi ili kukinga mapigo ya silaha. Katika lugha ya magari neno hilo limepanuka, likataja fremu ya mabomba ya chuma inayofungwa mbele ya gari ili kuhifadhi taa na rejeta: Gari limefungwa ngao mpya. Matumizi haya yanafaa maandishi ya kawaida. Katika maandishi ya sheria ni afadhali kusema mfumo wa kinga ya mbele, kwa kuwa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005 kuhusu vifaa hivyo halikuhusu fremu za mabomba peke yake. Shabaha yake ilikuwa kupunguza madhara kwa waendao kwa miguu wanapogongwa.

Deraya ni vazi la chuma la askari, na gari la deraya ni gari la kivita, au lile lililoundwa kuzuia risasi. Mfasiri anayeandika kwamba gari la watalii lina deraya ya chini amemwahidi mnunuzi kitu kingine kabisa, na katika hati ya zabuni kosa hilo linaweza kuzua mgogoro wa bei na hata wa kibali. Kinacholinda uvungu wa gari ni bamba (li-/ya-): bamba la sampu, bamba la giaboksi, bamba la tangi la mafuta. Ni vyema kutaja kiungo kinacholindwa, maana aliyenunua bamba la sampu pekee hajalinda tangi.

Kinga hutumika kama jina la jumla la vifaa vyote hivi, lakini kihusishi kinachofuata kina mtego. Kinga ya injini ni kinga inayolinda injini, ilhali kinga ya malaria ni kinga inayozuia malaria. Msomaji huamua kwa akili yake, na mara nyingi hakosei. Hata hivyo, panapotajwa vyote viwili katika sentensi moja, dhidi ya huondoa utata: kinga ya injini dhidi ya mawe.

Upande wa madini una tatizo lake. Kamusi za zamani hueleza pua kuwa ni feleji, lakini maandishi mengi ya siku hizi hutumia chuma cha pua kwa feleji isiyoshika kutu. Kwa hiyo ni salama zaidi kuandika feleji, na kuongeza isiyoshika kutu inapohitajika. Tofauti hii inagusa uchaguzi wenyewe. Aluminiamu ina takriban theluthi moja ya uzito wa feleji kwa ujazo uleule, hivyo haizidishii springi mzigo mkubwa. Lakini ni laini zaidi: juu ya mwamba huchimbika, na gari likakwama mahali ambapo bamba la feleji lingeteleza. Kwa sababu hiyo vitenzi visichanganywe. Bamba hugongwa na jiwe linaloruka. Huburuzwa gari linapopita juu ya mwamba. Aluminiamu hustahimili la kwanza vizuri kuliko la pili.

Kwa ubavuni, kikanyagio na boriti havibadilishani nafasi. Kikanyagio ni pa kuwekea mguu wakati wa kupanda garini, na mara nyingi hufungwa kwa vishikizo vyembamba. Boriti ya ubavuni hufungwa kwenye chesisi, nayo hubeba uzito wa gari linapokalia mwamba. Mwongozo ukisema kikanyagio mahali pa boriti, dereva anaweza kuweka jeki pasipostahili, kikanyagio kikapinda na gari likashuka ghafla. Fasiri ya kuepukwa: Weka jeki chini ya kikanyagio. Iliyo sahihi: Weka jeki chini ya boriti ya ubavuni iliyofungwa kwenye chesisi.