Nani Analipia Tangazo?

Mama yangu anaishi Mafinga, mkoani Iringa. Mimi naishi Mbeya, na kila baada ya miezi miwili hivi napanda basi kwenda kumsalimia. Jioni tukishakula, anaegemeza simu yake kwenye chupa ya chai na kufungua kwaya. Kabla kwaya haijaanza linakuja tangazo. Likiisha, linakuja la pili. Mama haligusi lile neno la kuruka. Anakaa ameweka mikono mapajani, kama mtu anayemsubiri mgeni amalize salamu.

"Mama, bonyeza hapo, linaondoka."

"Waache waongee, mwanangu. Si ndio wanaolipa?"

Asubuhi yake akanipa simu pamoja na noti ya shilingi elfu moja. Bando la jana lilikuwa limekwisha, akaomba nimuungie jingine.

Mimi nalipia kila mwezi ili video zangu zije bila matangazo. Siku zote nimeiona kama starehe ndogo ya mtu mwenye mshahara, sawa na kununua soda ya baridi safarini. Noti ile ya mama ndiyo iliyonifanya niulize swali ambalo sikuwahi kujiuliza: tangu tuanze kusikiliza na kutazama vitu vinavyotoka mbali, matangazo amekuwa akiyalipia nani?

Baadhi ya filamu za mwanzo zilizotengenezwa Tanganyika kwa ajili ya watazamaji Waafrika zilikuwa zenyewe ni matangazo. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulipiga kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Ulitengeneza filamu fupi 35 na kuzizungusha kwa lori katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki na Kati. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Filamu moja ilihusu kodi. Nyingine, Post Office Savings Bank, ilimwonyesha mtu aliyeficha mshahara wake nyumbani ukaibwa, na mwenzake aliyeuweka posta. Hapo hapakuwa na cha kuruka. Ukiliondoa tangazo, filamu yenyewe imekwisha.

Huko Uingereza kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Tangu 1922 mwenye redio alilipia leseni, na BBC haikurusha matangazo ya biashara. Tangazo la kwanza la biashara kwenye televisheni ya Uingereza lilikuja Septemba 1955, kwenye kituo kingine, nalo lilikuwa la dawa ya meno. Kwa hiyo kulipa ili muuza dawa ya meno asikukatize si wazo lililozaliwa na intaneti. Ni la zamani. Suala ni nani alipewa nafasi ya kulichagua.

Sisi tulikuwa na njia yetu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara. Anayetaka muziki pamoja na matangazo ya sabuni alijua mahali pa kuyapata, na asiyeyataka alizungusha kitufe. Hakulipa senti kwa kufanya hivyo. Alicholipia ni betri.

Na betri ndizo zilizotawala redio ya babu. Mama ananisimulia kwamba zikianza kuchoka walizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Babu alikuwa mkali: muziki ukianza, anazima. Alikuwa akitunza betri kwa ajili ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Jioni redio ikiwashwa, nyumba nzima ilinyamaza, na majirani wasio na redio walikuja kusimama mlangoni. Mtangazaji alisoma jina la marehemu, mahali alipofia, kisha majina ya ndugu mmoja mmoja na miji walikokuwa, na mwisho akasema habari ziwafikie. Ndivyo bibi alivyojua kwamba kaka yake amefariki Mbeya. Barua iliyoandikwa na shemeji yake ilifika baada ya mazishi.

Nimeifikiria sana habari hiyo. Babu alikuwa anazima muziki ili apate matangazo. Mimi nalipa hela ili nipate muziki bila matangazo. Neno ni lile lile, lakini lililokuwa ndani yake limebadilika. Tangazo la kifo lililipiwa na mfiwa, likamtafuta mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na kila aliyelisikia alikuwa na wajibu wa kulifikisha. Tangazo linalomjia mama limelipiwa na kampuni, nalo linamtafuta mtu yeyote mwenye simu.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nilipokuwa mtoto Mbeya, televisheni kwangu ilikuwa kibanda umiza kule Mwanjelwa: mabenchi, giza, jasho, na kanda zilizotafsiriwa na watu kama Lufufu, ambaye aliwapa mashujaa wa Hong Kong Kiswahili cha mtaani. Kiingilio kilikuwa kimoja kwa wote. Mwenye kibanda alisimamisha kanda katikati ili kutangaza filamu ya kesho, sisi tukapiga kelele na kumzomea. Hakuna aliyeweza kulipa zaidi ili yeye peke yake asisikie. Kama ni kero, ilikuwa kero ya benchi zima, na kelele zetu zikizidi, mwenye kibanda aliendelea na picha.

Kisha vikaja ving'amuzi. Uzimaji wa mitambo ya analojia ulianzia Dar es Salaam mwishoni mwa 2012 na kufika Mbeya mwaka uliofuata. Tukanunua visanduku, tukajifunza kulipia kila mwezi, na matangazo yakabaki pale pale. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano ikaamuru baadhi ya ving'amuzi vya kulipia viache kubeba chaneli za ndani zilizopaswa kutazamwa bure. Hoja ilikuwa nzito: mtu asitozwe kwa kitu ambacho ni cha bure. Lakini kwa aliyekuwa na kisanduku kimoja tu, alichokiona ni chaneli kutoweka.

Ndipo simu ikachukua nafasi ya vyote hivyo. YouTube ilianza 2005, ikanunuliwa na Google mwaka uliofuata, na 2007 ikaanza kuweka matangazo ndani ya video. Mwaka 2015 ikaanzisha Marekani huduma ya kulipia ili kuyaondoa. Wengine wamekwenda kinyumenyume: Prime Video ya Amazon iliwaingizia matangazo watu waliokuwa tayari wanalipa, mwanzoni mwa 2024, kuanzia Marekani na Ulaya, kisha ikawataka waongeze hela ili yatoke.

Nilimpigia mama hesabu kwenye karatasi. Video inayotumia megabiti moja kwa sekunde inakula karibu MB 4 kwa nusu dakika. Matangazo mawili ya namna hiyo kabla ya wimbo mmoja ni karibu MB 8, na nyimbo kumi ni MB 80, zote zimetoka kwenye noti yake. Kampuni imelipia kuonekana, naye amelipia kuonyeshwa. Mimi mwenye mshahara nimejitoa kwenye hesabu hiyo. Yeye anayeuza mahindi na maharage bado yumo, na anaamini anatendewa hisani.

Mama aliitazama karatasi muda mrefu.

"Kwa hiyo hawa watu wanaingia kwangu, wanaongea, halafu chai nawapa mimi?"

"Ndiyo, mama."

Nikaingiza akaunti yangu kwenye simu yake. Jioni ile kwaya ilianza papo hapo, bila utangulizi, hata akashtuka na kurudi nyuma kidogo. Jirani yake alikuwepo, mama mwenye duka la mkaa, ambaye huja na simu yake kutazama pamoja naye. Walisikiliza nyimbo mbili. Yule jirani akafungua ya kwake, na tangazo likaanza kuongea sebuleni.

Mama akanigeukia.

"Na huyu, mwanangu, nani atamlipia?"