Timu ya Tatu

Wenzangu wa bwenini mtakumbuka tulivyobishana usiku kwamba nafasi ya tatu si kitu. Naufufua ubishi huo kwa kisa cha Nottingham Forest ya Uingereza.

Brian Clough aliichukua timu hiyo Januari 1975, ikiwa Daraja la Pili. Mwaka 1976 akaja mwenzake wa siku nyingi, Peter Taylor, aliyekuwa na jicho kali la kuchagua wachezaji. Msimu wa 1976-77 haukuwa wa kutisha hata kidogo: katika mechi 42 walifungwa 11! Siku hizo ushindi ulileta pointi mbili tu, nao wakamaliza na 52, nyuma ya Wolves na Chelsea. Timu zilizopanda zilikuwa tatu. Bolton walikuwa bado na mechi mkononi. Wangalizishinda zote, Forest wangalibaki chini. Mei 14 Wolves wakawafunga Bolton 1-0 nyumbani kwao. Vijana wa Forest walikuwa ndani ya ndege kwenda Mallorca kupumzika, na bahati yao i miguuni mwa watu wengine. Bolton wakaishia pointi 51.

Pointi moja! Mwaka 1978 Forest wakawa mabingwa wa Daraja la Kwanza, wakatwaa Kombe la Ulaya 1979 na 1980. Bao la fainali ya 1980 lilifungwa na John Robertson, mtu wa timu ileile ya Daraja la Pili.

Wale mliokuwa upande wa pili wa ubishi, nangoja jibu lenu siku ya mkutano.