Freemason wa Nairobi: Ni Kina Nani, na Mbona Mtaa Wote Unawaogopa?

Kaa kwa kibanda chochote cha choma pale Kenyatta Market, ungoje msee apite na dinga mpya. Kabla kachumbari ifike mezani, mtu atasema: "Huyo ameingia." Hakuna mwenye atauliza ameingia wapi. Kwa wasusi pia stori ni hiyo hiyo, ila huko inaendelea masaa sita juu nywele hazikimbizwi.

Sasa wacha tuongee ukweli, juu kuna watu wanakula doo za watu na hii stori.

Kwanza, Freemason wako na jengo. Linaitwa Freemasons' Hall, liko Nyerere Road. Ukiitafuta kwa ramani ya simu, inakupeleka mpaka getini. Ni chama cha wanaume kilichoanza rasmi London tarehe 24 Juni 1717, loji nne zilipokutana kwa baa na kuunda loji kuu moja. Jina limetoka kwa mafundi wa mawe, ndio maana alama yao ni bikari na skwea, na wakikutana wanavaa aproni. Kuna ngazi tatu, na kila ngazi ina sherehe yake yenye maneno ya kukariri. Lazima uamini kuna Mungu, uwe Mkristo, Mwislamu ama Mhindu, halafu siasa na mabishano ya dini ni marufuku ndani ya loji. Wamama hawaingii, ingawa Uingereza wako na chama chao tangu 1908.

Huku kwetu waliletwa na wakoloni, enzi zile zile za Nairobi Club (1901) na Muthaiga Club (1913), mahali Mwafrika aliingia akiwa amebeba trei. Mimi naona hapo ndipo shuku yetu ilianzia. Ukifungiwa nje ya geti miaka hamsini, huku wakubwa wanakula na kupanga mambo ndani, lazima utajiuliza wanapanga nini. Siku hizi Waafrika ni wanachama, lakini geti bado ni geti.

Na shetani je?

Huyo alitoka Paris. Mwandishi mmoja Mfaransa, Léo Taxil, alitumia miaka kibao akiuza vitabu vya kusema Freemason wanaabudu Lusifa. Watu wakanunua, hadi viongozi wa kanisa wakamwamini. Aprili 1897 akaita mkutano, akasimama mbele ya umati akasema yote alitunga. Maze, karibu apigwe! Lakini uongo ulikuwa umeshasafiri, na mpaka leo unaupata kwa video za usiku wa manane.

Kanisa Katoliki kwa upande wake limewakataza waumini kujiunga tangu 1738, na Vatican ilirudia hivyo Novemba 2023. Hiyo ni kesi ya mafundisho ya imani. Kunywa damu ni stori nyingine.

Hapa Kenya, moto uliwashwa na serikali yenyewe. 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilikaa kabatini hadi 1999 ndio ikafika bungeni. Ilijaa simulizi za kafara za watu, na Freemason wakatajwa humo. Simulizi nyingi zilikuwa za watu waliodai walikuwa ndani wakatoka. Lakini ikishakuwa na muhuri wa serikali, nani atabishana nayo kwa mathree?

Si ati wasee hawana sababu yoyote ya kushuku. Italia, Machi 1981, polisi walipata orodha ya loji moja inaitwa P2: karibu majina elfu moja, mawaziri, majenerali, wakubwa wa ujasusi. Serikali ilianguka. Loji kuu ya huko ilikuwa imeisimamisha P2 miaka mitano kabla, na bado ikaendelea chini ya maji. Kwa hivyo swali la "jaji wangu na wakili wa mwenzangu wako chama kimoja?" ni swali halali kabisa. Uliza hilo. La nyoka kwa kabati waachie wenye video.

Tukirudi kwa doo zako. Zile karatasi za "Jiunge Illuminati uomoke" kwa nguzo za stima ni za matapeli. Illuminati ni chama kingine, kilianzishwa Bavaria 1776 na kikapigwa marufuku miaka ya 1780. Freemason nao hawabandiki karatasi kwa nguzo. Unaenda mwenyewe, unajulikana, unahojiwa, wanachama wanapiga kura, na ukishaingia ni wewe unalipa ada kila mwaka. Hakuna mtu anakutumia milioni. Tapeli anaanza na pesa ya fomu, halafu ya pete, halafu ya kafara, na ukigoma anakutisha na kifo, akijua huwezi ambia mtu ulitaka kujiunga na nini.

Kama umeshatuma kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja kabla atoe hizo pesa. Namba yake nayo, peleka 333. Ni bure.