Chemshabongo Konde: Kutoka Chungu ya Karafuu Hadi Televisheni

Konde ni mji mdogo wa Pemba ya kaskazini, ndani ya Wilaya ya Micheweni, kwenye njia iendayo Msitu wa Ngezi na Ras Kigomasha. Watu wake ni wakulima, wavuvi na wachuuzi wa sokoni, na mambo mengi ya mwaka, kuanzia harusi hadi madeni, husubiri msimu wa karafuu. Chemshabongo ya televisheni ilifika huku kwa kuchelewa, lakini haikuwakuta watu wasiojua kuulizana hadharani. Mchezo wa maswali ulikuwapo zamani, una kanuni zake, watazamaji wake na adhabu ya anayeshindwa, na watu wa Pemba walikuwa na kipimo chao cha kupimia kila kipindi cha maswali kilichokuja baadaye.

Aina iliyoenea zaidi ni kitendawili, na kwa Pemba mahali pake hasa ni kwenye chungu ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kukiacha kisiwa cha Pemba salama kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi zaidi za Zanzibar. Karafuu iliyochumwa mchana haifai kulala na makonyo yake, kwani ikirundikwa mbichi hupata moto na kuharibika rangi. Kwa hiyo baada ya Magharibi watu wa nyumba, majirani na watoto huizunguka chungu, kila mmoja akashika kishada na kukisugua kwenye kiganja mpaka karafuu ziangukie upande mmoja na makonyo upande mwengine. Mikono ina kazi, mdomo hauna. Hapo ndipo mmoja huita, “Kitendawili!” na wote wakaitikia, “Tega!” Akitega, “Nyumba yangu haina mlango,” mtoto wa miaka mitano atapiga kelele, “Yai!” kabla wakubwa hawajafungua kinywa, na ataachiwa, kwa kuwa hicho ni kitendawili chake. Vigumu huja usiku ukishakuwa mkubwa.

Wakishindwa wote, mtegaji hudai, “Nipeni mji.” Watamtajia Wete, aukatae kwa dharau, watamtajia Chake Chake, aukatae, wakimpa Mombasa hukubali, kisha huwasimulia alivyokwenda Mombasa, alivyopokewa na alivyokula, na mwisho wa masimulizi hayo ndipo jibu hutoka. Anayelipa ni aliyeshindwa, na zawadi yenyewe ni maneno. Haigharimu kitu, lakini aliyewahi kutoa miji mitatu kwa usiku mmoja anajua uzito wake.

Jambo moja la kitendawili huwashangaza wageni. Jibu lake halibuniwi, hurithiwa. Mtu akitoa jibu lenye akili, linaloingia kabisa katika maneno yaliyotegwa, lakini silo lile linalojulikana, mtegaji hulikataa na hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo bingwa wa vitendawili ni yule aliyekaa na wazee akasikia mengi, na kulijua jibu tangu jana si udanganyifu, ndiyo sifa yake.

Juu ya kitendawili kulikuwa na fumbo la kishairi, mchezo wa watu wazima na wenye majina. Mshairi hutunga beti zenye jambo lililofichwa, akazituma, na mwenzake hujibu kwa bahari ile ile, mara nyingi kwa vina vile vile, akilifumbua fumbo na kumrudishia jingine. Wapinzani wa Pemba wanaokumbukwa kuliko wote ni Kamange na Sarahani, washairi wa karne ya 19 walioishi hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Walijibizana kwa mapenzi, kwa kejeli na kwa elimu, na tungo zao zilihifadhiwa vifuani kabla ya kuandikwa. Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy walizikusanya, na kitabu chao, Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla, kilichapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2011. Hao ndio waliokuwa watu mashuhuri wa mashindano ya maneno kisiwani. Hawakuhitaji kutambulishwa na mtu; shairi likifika barazani, wasikilizaji wenyewe walitambua ni la nani kwa kulisikia tu.

Televisheni ya Marekani ilijenga mchezo wake juu ya kinyume cha hayo, yaani mgeni asiyejulikana. Kipindi cha What's My Line? kilianza CBS tarehe 2 Februari 1950 na kuendelea hadi Septemba 1967. Mgeni aliingia, akaandika jina lake ubaoni, na watazamaji wakaonyeshwa kazi yake. Jopo la watu wanne lilitakiwa kuigundua kazi hiyo kwa maswali ya ndiyo au hapana. Kila “hapana” ilimpa mgeni dola 5, na zikifika kumi, yaani dola 50, alikuwa ameshinda. Mwendesha kipindi, John Charles Daly, alikuwa mwandishi wa habari, na jopo lilikuwa na watu kama Arlene Francis, Dorothy Kilgallen na mchapishaji vitabu Bennett Cerf. Kilele cha kila kipindi kilikuwa mgeni wa siri. Jopo lilifungwa vitambaa machoni, naye, akiwa mtu ambaye sura na sauti yake zinajulikana na nchi nzima, alijibu kwa sauti ya kugeuza. Wa kwanza alikuwa mchezaji wa besiboli Phil Rizzuto. Baadaye walikaa kwenye kiti hicho Eleanor Roosevelt na mchoraji Salvador Dalí, ambaye aliwachosha wanajopo kwa kujibu “ndiyo” karibu kila swali, kwa sababu karibu kila kitu alikuwa amekifanya. Uingereza nayo ilikuwa na toleo lake kupitia BBC kuanzia 1951, likiendeshwa na Eamonn Andrews.

Fedha zilikuwa kidogo, na pengine ndiyo maana kipindi hicho kiliishi miaka 17 bila aibu. Vile vya fedha nyingi havikuwa na bahati hiyo. The $64,000 Question ilianza 1955, na mwaka uliofuata NBC ikaanzisha Twenty-One, ambamo washindani wawili walisimama ndani ya vibanda vya kioo visivyopitisha sauti. Mshindi wa Twenty-One, Herb Stempel, aliamriwa na watayarishaji ashindwe. Aliulizwa filamu iliyopata tuzo kuu ya Oscar ya mwaka 1955. Alijua kuwa ni Marty, filamu aliyoipenda, lakini akataja nyingine kama alivyoagizwa. Aliyempokea, mwalimu wa chuo kikuu Charles Van Doren, alipata dola 129,000 na umaarufu mkubwa, akipewa majibu kabla ya kipindi na kufundishwa namna ya kupangusa jasho. Mwezi Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mwaka 1960 sheria ikapiga marufuku kupanga matokeo ya mashindano ya aina hiyo. Kwa mtu aliyekulia kwenye chungu ya karafuu, kesi hii ina ugeni wake: hapa kosa ni mtu kulijua jibu mapema. Watazamaji wa Marekani walikuwa wameahidiwa kuona akili ikifanya kazi papo hapo, na walichouziwa ni kumbukumbu na maigizo.

Afrika Mashariki ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Tanzania Bara ilikaa bila kituo hadi 1994, serikali ikiihesabu kuwa ni anasa. Zanzibar ilikwenda njia yake. Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ilirusha picha za rangi tangu siku ya kwanza, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo kusini mwa Jangwa la Sahara. Lakini kituo kuwa mjini Unguja ni jambo moja, na kuitazama televisheni kijijini Pemba ni jambo jengine. Umeme wa kisiwa ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha, karibu na Chake Chake, na mafuta yakikosekana taa zilizimika. Mwenye televisheni katika kijiji cha kaskazini alikuwa na wageni kila usiku, watoto wamejaa mkekani na wakubwa dirishani, na betri ya gari ikiwa tayari kama akiba. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipoanza kuleta umeme Pemba kwa msaada wa Norway.

Kwa namna ya kutazama, hapakuwa na badiliko kubwa. Swali likiulizwa kwenye kioo, chumba kizima hujibu kabla ya mshiriki, na aliyekosea huchekwa hapo hapo.

Mkondo mwengine ulitoka Ghuba. Wapemba wengi wana jamaa Oman, ambako televisheni ilianza mwaka 1974, na katika nchi za Kiarabu mwezi wa Ramadhani una chemshabongo yake, fawazir. Ilianza kwenye redio ya Misri, na kuanzia 1975 mwigizaji Nelly aliifanya kuwa onyesho la nyimbo na mavazi, kila usiku fumbo moja, mtazamaji akikusanya majibu ya mwezi mzima na kuyatuma kwa posta. Samir Ghanem na kisha Sherihan waliishika katika miaka ya 1980. Kati ya vipindi vyote vilivyotajwa, hiki ndicho kilichokaribia zaidi kitendawili: swali la kishairi, hadhira iliyokwisha kufuturu, na jibu moja tu linalokubaliwa.

Chemshabongo ya kitaaluma ilifika kwa mlango wa vyuo. Mashindano ya Celtel Africa Challenge, baadaye Zain Africa Challenge, yalianza 2007 yakifuata mtindo wa College Bowl ya Marekani, na yalizikutanisha timu za vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine chini ya mwendesha kipindi Mkenya John Sibi-Okumu. Yalipendeza, ila maswali yalikuwa ya Kiingereza, na hilo liliwaacha nje watazamaji wengi wa vijijini. Skuli za Pemba zilichukua umbo lake bila gharama zake: timu mbili, meza mbili, mwalimu mwenye karatasi ya maswali na mwengine mwenye saa.

Mashindano ya maswali yanayotazamwa kwa utulivu mkubwa zaidi Konde na kwengineko Pemba hayaitwi chemshabongo kabisa. Ni ya kuhifadhi Kur'ani, yanayorushwa kwenye televisheni mwezi wa Ramadhani, yakiwemo ya kimataifa ya Dar es Salaam yanayoandaliwa na Al-Hikma Foundation na yale ya Dubai yaliyoanzishwa 1997. Hakimu husoma mwanzo wa aya, mshiriki huipokea na kuendelea mpaka aambiwe basi, kisha husomewa aya ya mahali pengine. Akikwama hutanabahishwa na kupunguziwa alama. Wageni rasmi, marais wakiwemo, hukaa safu ya mbele na hutambulishwa mapema kwa majina na vyeo. Mshiriki, pengine mtoto wa miaka 10, hutambulishwa kwa jina, nchi na idadi ya juzuu alizohifadhi. Katika vyuo vya Kur'ani, mazoezi yake huanza miezi mingi kabla, mwalimu akimkatizia mwanafunzi aya popote pale ili azoee kuipokea.